Mshambuliaji auzwe au abaki? Kwanza tujue klabu inauza nini

Katikati ya Desemba, mvua za Mbeya zikiwa zimeshakolea, dirisha dogo la usajili linafunguliwa na pale Kabwe na Mwanjelwa mada inakuwa moja. Timu ina mshambuliaji mmoja anayefunga. Simba wanamtaka, au Yanga, au Azam, au kuna klabu ya nje imetuma barua. Upande mmoja wa benchi wanasema auzwe, hela iingie, wachezaji wengine walipwe mishahara. Upande wa pili wanasema viongozi wana njaa, wanauza magoli ya timu, na ikifika Mei tutashuka daraja. Nimekaa kwenye mabishano haya tangu Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013. Kutofautiana hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili huzungumza kana kwamba klabu ina mtu stoo, kama gunia la mchele wa Kyela, na swali lililobaki ni kulitoa leo au kusubiri bei ipande.

Neno "kuuza" ndilo lililotuharibia mjadala. Klabu haimiliki mtu. Inamiliki muda.

Kama umewahi kufanya biashara Mwanjelwa unaijua habari ya kilemba. Umelipia kodi ya fremu ya miaka mitatu, mahali pazuri, watu wanapita asubuhi hadi jioni. Mwaka wa kwanza haujaisha vizuri anakuja mtu anaitaka fremu hiyohiyo. Nyumba si yako, mwenyewe yupo. Lakini muda uliobaki ni wako, umeshalipia, hakuna wa kukutoa. Basi yule mtu anakupa kilemba ili umwachie nafasi, halafu anakwenda kwa mwenye nyumba kuandikiana naye mkataba mpya, kwa kodi mpya.

Mpira unakwenda hivyohivyo. Mwenye nyumba ni mchezaji mwenyewe, maana miguu ni yake. Klabu ni mpangaji, na mshahara ndiyo kodi. Mkataba unasema mpangaji atakaa muda gani. Hela ambayo klabu mpya inailipa klabu ya zamani, ile tunayoiita ada ya uhamisho, ni kilemba. Ndiyo maana uhamisho mmoja una mazungumzo mawili: klabu na klabu wanapatana kilemba, kisha klabu mpya na mchezaji wanapatana mshahara. Upande mmoja ukikataa hakuna uhamisho. Klabu haiwezi kumuuza mtu asiyetaka kwenda, na mchezaji hawezi kuondoka katikati ya mkataba kwa sababu tu amepata ofa nzuri.

Ukishalielewa hilo, jambo la pili linakuja lenyewe. Nani atakupa kilemba ukiwa umebakiza miezi miwili ya kodi? Atasubiri utoke. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi sita, na mkataba ukiisha anakuwa mchezaji huru. Hapo klabu haiulizwi chochote. Kwa hiyo mshambuliaji mwenye mabao 12 na mkataba wa miaka miwili mbele yake ana bei. Mshambuliaji yuleyule, mabao yaleyale, akiwa na miezi mitano, hana bei hata kama mashabiki wanamwimba uwanja mzima. Mti wa paina kule Mafinga ukiuacha unanenepa. Mkataba ukiuacha unakonda.

Hapa ndipo mashabiki wengi wa huku kwetu wanapokosea kuwalaumu viongozi, au wanawalaumu kwa kosa lisilo lao. Tunapiga kelele siku mchezaji anapouzwa. Kelele zilitakiwa kupigwa mwaka mmoja nyuma, siku ambayo mkataba wake ulibakiza miezi 18 na hakuna aliyemwita ofisini kuuongeza. Klabu iliyolala siku ile haina tena uamuzi wa kufanya. Imebaki kuchagua kati ya hela kidogo leo na sifuri mwezi wa sita.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, msomaji asipate tabu ya kuutafuta. Naamini klabu ya Nyanda za Juu Kusini inapaswa kumuuza mshambuliaji wake nyota ofa ya kweli ikija, na isione haya. Lakini iuze msimu ukiwa umekwisha, mkataba ukiwa bado mnene, mrithi akiwa tayari yupo mazoezini, na karatasi ya mauzo ikiwa imeandikwa kwamba mchezaji akiuzwa tena klabu inarudi mezani. Sehemu iliyobaki ya makala hii ni kueleza kwa nini kila kimoja kati ya hivyo kina uzito wake.

Hesabu ya mabao inayodanganya

Hoja kubwa ya wanaopinga ni hii: timu imefunga mabao 28 msimu mzima, huyu peke yake kafunga 11, ukimtoa umebaki na 17, tumekwisha. Inasikika kama hesabu, ila imesahau kwamba siku akiondoka hatuchezi tukiwa kumi. Mtu mwingine ataingia pale mbele. Tuseme huyo mwingine ni wa kawaida tu, anafunga matano. Pengo si mabao 11, ni sita.

Lakini wanaotaka auzwe nao wasishangilie haraka, kwa sababu mabao sita hayalingani uzito. Kaa na daftari uyapange. Tuseme matatu kati ya hayo yalikuwa ya ushindi wa 1-0. Bila hayo, ushindi mara tatu unageuka sare tatu, pointi sita zimekwenda. Mawili yalikuwa ya kusawazisha 1-1, bila hayo ni vipigo viwili, pointi mbili nyingine. Moja lilikuwa la nne kwenye ushindi wa 4-0, hilo halikubadilisha kitu. Jumla umepoteza pointi nane. Kwenye ligi ya timu 16 zinazocheza mechi 30, ambako wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja huku wa 13 na wa 14 wakiingia kwenye mtoano wa kuokoa maisha, pointi nane zinaweza kuwa umbali kati ya kulala usingizi na kukesha.

Mbeya tunaujua huo mtoano. Mwaka 2023 Mbeya City ilishushwa na Mashujaa ya Kigoma kwa njia hiyohiyo, na ikakaa chini misimu miwili kabla ya kurudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Kwa hiyo swali la kuuliza kijiweni si "ana mabao mangapi?" Uliza mabao yake yametupa pointi ngapi, na huyo anayekaa benchi nyuma yake anaweza kuturudishia ngapi. Shabiki yeyote mwenye ratiba ya msimu na kalamu anaweza kuifanya hesabu hiyo nyumbani kwake jioni moja.

Kuna watu wanaonijibu kwa mfano wa Yanga, na ni mfano wa kweli. Fiston Mayele alifunga mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23 na kuifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Akauzwa Pyramids ya Misri. Vijiweni ikasemwa Yanga imejimaliza. Msimu uliofuata Yanga wakatwaa ubingwa tena, na Stephane Aziz Ki, ambaye wala si mshambuliaji wa kati, akamaliza na mabao 21. Mayele naye huko alikokwenda akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2025. Kila mtu alipata.

Sasa weka pembeni yake mfano wa Simba. Walikuwa wametwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Agosti 2021 wakawaachia watengeneza mabao wao, Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly. Wafungaji wao hawakuguswa. Meddie Kagere alibaki, John Bocco alibaki. Msimu ule ubingwa ukaenda Yanga, tena bila kupoteza mechi hata moja. Yalikuwepo mengine pia, Yanga nao walikuwa wamesajili vizuri, sitaki kulibebesha jambo moja mzigo wote. Ila hapo kuna somo ambalo mashabiki wengi hawalitaki: mfungaji ni bomba, na maji yanatoka kwenye chemchemi. Ukiuza bomba ukabaki na chemchemi, bomba jingine utapata. Ukiuza chemchemi, mabomba yako yote yatatoa hewa.

Kwa klabu yetu ya huku hili lina maana ya moja kwa moja. Kabla ya kujibu kama mshambuliaji auzwe, angalia mabao yake yanatoka wapi. Kama mengi yanatoka kwa krosi za winga mmoja, huyo winga ndiye wa kumkalia. Kama mshambuliaji mwenyewe ndiye anayeteka mpira katikati, anapita watu wawili na kufunga, basi umeshika bomba na chemchemi kwenye mtu mmoja, na hapo bei yake lazima iwe nyingine kabisa.

Mtamba kwanza

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Rungwe hamuuzi ng'ombe anayekamuliwa kwa sababu tu mnunuzi amefika na hela. Anaangalia zizini kama kuna mtamba mwenye mimba. Akiwepo, anauza, maana miezi michache tu mbele maziwa yatarudi. Asipokuwepo, hela ya ng'ombe itaishia kununulia maziwa.

Klabu iliyoufanya ufugaji huu kuwa mwenendo wake wa kila siku ni Brentford ya London, ilipokuwa bado daraja la pili Uingereza. Mwaka 2019 walimuuza mfungaji wao, Neal Maupay, kwenda Brighton. Hawakukimbilia sokoni. Walimchukua Ollie Watkins, aliyekuwa akicheza pembeni, wakamweka katikati. Akafunga kiasi kwamba mwaka 2020 Aston Villa wakamnunua. Safari hii wakamleta Ivan Toney kutoka Peterborough, timu ya daraja la tatu. Toney akafunga mabao 31 ya ligi msimu wa 2020/21, rekodi ya daraja lile kwa wakati huo tangu liitwe Championship, na Brentford wakapanda ligi kuu, ambako hawakuwa wamecheza tangu mwaka 1947. Wameuza mshambuliaji nyota mara mbili ndani ya miaka miwili, na wamepanda.

Najua jibu la kijiweni: wale ni Wazungu, wana hela. Lakini hela si kitu pekee kinachofundisha hapo. Toney alitoka daraja la chini yao, Watkins alikuwa tayari ndani ya nyumba. Klabu ya Mbeya, Iringa au Njombe ina madaraja ya chini yake pia. Ina ligi za mkoa, ina mashindano ya mchangani ambako kila Jumapili kuna kijana wa Mbalizi au Tunduma anafunga mbele ya watu mia tatu. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayelipwa kwenda kuwaangalia na kuandika majina, ili siku barua ya ofa ikifika mezani kwa katibu, daftari liwe na majina matatu.

Daftari hilo lisipokuwepo tunarudi kwenye historia yetu wenyewe. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wenye migomba na chai, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986. Kizazi kile hakikupata cha kukirithi, na leo vijana wa Tukuyu wanausikia ubingwa huo kama hadithi ya babu. Mbeya City nayo, msimu wake wa kwanza kabisa Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, na kocha Juma Mwambusi naye akaenda Yanga kuwa msaidizi. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Mtu anakwenda kwenye kazi bora. Ila ulipotazama zizini, mitamba haikuwa mingi.

Januari au Juni?

Dirisha kubwa ni lile la katikati ya mwaka, msimu ukiwa umekwisha. Dirisha dogo ni la Desemba na Januari, ligi ikiwa katikati. Kwa anayenunua, Januari ni wakati wa kuziba tundu, na mara nyingine ana haraka kiasi cha kuongeza bei. Hiyo ndiyo tamaa inayowaponza wauzaji. Mshambuliaji mzuri ambaye yuko huru mwezi wa kwanza ni adimu. Wanaopatikana ni waliokosa namba kwenye timu zao, na atakayekuja atahitaji wiki kadhaa kuzoea wenzake, halafu mwili wake uzoee uwanja ulio juu ya mlima wenye baridi. Ukihesabu hivyo, mechi nane zimeshapita.

Na kushuka daraja kuna bei yake, ambayo haiandikwi kwenye mkataba wa mauzo. Haki za matangazo za Ligi Kuu ziliuzwa kwa kampuni ya Azam Media mwaka 2021 kwa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, na mgawo huo ni wa timu zilizomo ndani ya Ligi Kuu. Ukishuka umetoka kwenye mgawo. Umetoka pia kwenye siku ambazo Simba na Yanga wanapanda kwenye Uwanja wa Sokoine na jiji zima linauza: gesti zimejaa, bajaji hazishikiki, mama lishe wa Mafiati anapika sufuria tatu badala ya moja. Klabu inayomuuza mfungaji Januari kwa milioni 60 kisha ikashuka, imeuza zaidi ya ilichopokea.

Ipo njia ya kati ambayo naona hatuitumii vya kutosha. Mnunuzi akikazania Januari, muuzie Januari, lakini andikeni kwamba mchezaji anabaki kwenu kwa mkopo hadi mwisho wa msimu. Klabu inapata hela, au awamu yake ya kwanza, na bao linabaki Sokoine hadi Mei. Mnunuzi wa Dar es Salaam ambaye tayari ana washambuliaji wanne anaweza kukubali, akijua amemfunga mchezaji kabla mwingine hajamgusa.

"Abakishwe kwa nguvu"

Wapo wanaosema mkataba ni mkataba, hata akilia abaki. Kisheria wana haki. Kimpira nina shaka nao, na tuna mfano mkubwa wa nyumbani. Mwishoni mwa 2022 kiungo Feisal Salum alitaka kuondoka Yanga kwa kuirudishia klabu Sh112 milioni, akiamini fedha hiyo inavunja mkataba. Shirikisho la mpira la Tanzania, TFF, likaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Yanga walishinda kwenye karatasi. Lakini Feisal alikaa miezi bila kucheza, na suala likavuta mpaka Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga hadharani walimalize. Akaenda Azam, na msimu uliofuata akafunga mabao 19.

Yanga wana kikosi cha kuvumilia hilo. Klabu ya mkoani haina. Mshambuliaji wake mmoja akisusa, amesusa na nusu ya mabao. Ndiyo maana kipengele cha kuvunja mkataba kiandikwe tangu siku ya kusaini, kwa tarakimu, kwa lugha ambayo mchezaji na mzazi wake wanaielewa: atakayeleta kiasi fulani, kwa njia fulani, ndani ya dirisha kubwa, anamchukua. Bei ikijulikana mapema, ugomvi unapungua.

Na kuna funguo ambayo klabu ndogo humkabidhi mchezaji bila kujua. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuidai klabu kwa maandishi, akaipa siku 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali. Anatoka huru. Rudi kwenye fremu yetu: mpangaji asiyelipa kodi hana kilemba cha kudai. Kiongozi anayesema "tutawalipa tukimuuza fulani" anacheza na moto, maana huyo fulani naye anadai, na siku 15 ni chache kuliko dirisha lolote la usajili.

Hela inapofika, na isipofika

Tukisikia "ameuzwa milioni 100" tunaamini klabu imepata milioni 100. Mara nyingi hapana. Wakala ana chake, mchezaji anaweza kuwa na fungu lake kwa makubaliano, na malipo huja kwa awamu. Awamu ndizo hatari zaidi. Januari 2013 Simba ilimuuza mshambuliaji Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, ada iliyotangazwa kwa fahari nchi nzima. Fedha haikuja, na Simba ikalazimika kulifikisha suala FIFA. Simba ni klabu kubwa yenye wanasheria. Fikiria timu ya halmashauri au ya kampuni ndogo ikiisubiri hela hiyo kulipia basi la kwenda Bukoba. Kanuni yangu ni nyepesi: awamu ya kwanza itoshe kumpata mrithi, na iwe imeingia benki kabla mchezaji hajaruhusiwa kuhama.

Kisha kuna asilimia ya mauzo ya baadaye, kipengele ambacho kingebadilisha maisha ya klabu za huku kama kingeandikwa kila mara. Tuseme unamuuza kijana Dar es Salaam kwa Sh60 milioni, na mkataba unasema akiuzwa tena unapata asilimia 20. Miaka miwili baadaye anauzwa nje kwa Sh500 milioni. Asilimia 20 ya bei yote ni Sh100 milioni, nyingi kuliko ulizopata mara ya kwanza. Lakini kama karatasi imeandikwa "asilimia 20 ya faida", unakokotoa kwenye 500 kutoa 60, unapata Sh88 milioni. Neno moja, milioni 12. Soma kabla ya kusaini.

Usichanganye asilimia hiyo na ile ya FIFA. FIFA wana mchango wa mshikamano: mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia tano ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya umri wa miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Mchango huu hauhusu mauzo ya Mbeya kwenda Dar es Salaam, kwa sababu klabu zote mbili ni za nchi moja. Hapo ni wewe na kalamu yako. Lakini siku klabu ya Dar es Salaam ikimuuza nje, Mbeya inahesabiwa. Na akiuzwa tena huko nje kwenda nchi nyingine, inahesabiwa tena. Ipo pia fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, au anapohama nchi kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23.

Hebu tuihesabu. Kijana amelelewa na klabu ya Mbeya tangu mwaka aliotimiza miaka 15 hadi ule aliotimiza 19, akaondoka. Baadaye klabu mbili za nje zinauziana yeye kwa dola milioni moja. Mwaka mmoja wa asilimia 0.25 na minne ya 0.5 ni asilimia 2.25, yaani dola 22,500. Kwa dola moja kuwa Sh2,500, hiyo ni zaidi ya Sh56 milioni, kwa mchezaji ambaye klabu ilishaacha hata kumtaja kwenye kikosi. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA ina kituo maalumu cha malipo mjini Paris kinachofuatilia historia ya mchezaji na kuzigawa fedha hizi, kwa hiyo klabu ndogo haihitaji tena kumfukuzia mtu Ulaya kwa barua.

Kinachotumika kuhesabu ni usajili. Hakuna anayeuliza kocha gani alimfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto, wala nani alimnunulia viatu. Mfumo unasoma pasipoti ya mchezaji, orodha ya klabu alizosajiliwa na tarehe zake. Sasa chukua vijana wawili waliokulia kwenye timu moja ya vijana hapa mjini, wenye umri mmoja na walioondoka siku moja. Mmoja alisajiliwa akiwa na miaka 15. Mwingine alicheza miaka yote bila jina lake kuingizwa, akasajiliwa mwaka wa mwisho tu, akiwa na miaka 19. Wote wawili wakiuzwa huko nje kwa dola milioni moja, wa kwanza analeta Mbeya dola 22,500, wa pili analeta dola 5,000. Tofauti ni zaidi ya Sh43 milioni, na imetokana na fomu ambayo mtu hakuijaza miaka minne nyuma.